Mkwe Wangu Ameshika Kalamu Nyekundu

Jumanne, 9 Septemba

Leo tena nukta. Mwalimu Kemunto anasema nukta ni mlango. Ukimaliza kusema, funga. Mimi sifungi. Naandika Kiingereza kama mtu anayekimbizwa na ng'ombe, mpaka karatasi iishe. Daftari langu limejaa miduara myekundu.

Ametuagiza tuandike kitu kila siku, lugha yoyote, ili mkono uzoee. Sentensi fupi. Anasema sentensi fupi haina pa kuficha kosa. Haya, naandika. Kwa Kiswahili, nilichokua nacho mjini Kisii, tulipopanga ua mmoja na kina Rukia. Kiingereza bado kinanikataa.

Rukia ndiye aliyenivuta kwenye darasa hili la gumbaru, la watu wazima, Jumanne na Alhamisi alasiri, ukumbi wa kanisa, Keumbu. Anauza vitambaa sokoni hapo hapo. Anataka kuwaandikia wateja kwenye simu bila kuchekwa. Yeye anasoma huku akicheka. Mimi nasoma nikihesabu makosa.

Ijumaa, 12 Septemba

Madam ametuita ofisini, mimi na matroni mwenzangu wa bweni la pili. Madam ni mwalimu mkuu mpya. Hapigi kelele. Hiyo ndiyo inayonitisha. Mtu akipiga kelele najua pa kusimama.

Amesema ripoti ya bweni itaandikwa kwa Kiingereza kila asubuhi. Nani mgonjwa, nani kaenda zahanati, nini kimevunjika. Wazazi wanaisoma, bodi inaisoma. Hataki tena karatasi nusu Kiswahili nusu Ekegusii. Tarehe kumi na tano Oktoba tutakaa mbele yake tuandike moja, yeye akitazama. Asiyeweza atapisha mwingine.

Mwenzangu alitikisa kichwa tu. Mimi nikasema "Yes, Madam." Hilo nalijua.

Naogopa. Acha niandike wazi kwa nini. Nyumba ninayolala ni ya shule. Kazi ikienda, nyumba imeenda. Nitarudi upande wa Itumbe, kwa marehemu mume wangu, ambako shemeji zangu wamepanda majani chai mpaka mlangoni pangu. Mlangoni kabisa. Nilipokwenda kwa mazishi ya jirani nilipita ubavu ubavu kuingia ndani. Mdogo wao akaniambia, akicheka, kwamba walidhani mimi sasa ni mtu wa mjini.

Jumanne, 16 Septemba

Mwenzangu amefungasha. Hakungoja mtihani. Amesema afadhali auze ndizi kuliko kuaibishwa uzeeni. Nilimsaidia kubeba godoro hadi langoni. Bweni lake naliangalia mimi kwa sasa.

Darasani tulisoma "he" na "she". Mimi kila mtu ni "he". Kwetu yeye ni yeye, mwanamume kwa mwanamke, na dunia haijaanguka. Mwalimu Kemunto amenigonga daftari kwa kidole. Ameniambia nikimwandikia mzazi kwamba binti yake ni mwanamume, atakuja na panga. Darasa zima likacheka. Mimi pia. Mama huyu akikukosoa unatoka umenenepa.

Kisha akatuambia anaondoka. Nyonga. Anakwenda kwa mwanawe Nakuru kufanyiwa upasuaji. Alhamisi atakuja mwalimu mwingine, kijana, amesomea Kiingereza chuo kikuu. Rukia akanipiga kiwiko. "Kijana! Nitavaa dera jipya."

Mimi sikupenda. Mwezi mmoja umebaki, na kidole ninachokijua kinaenda Nakuru.

Alhamisi, 18 Septemba

Yaye. Yaye mimi.

Nilikuwa nimekaa mbele, kalamu tayari. Mlango ukafunguliwa. Aliyeingia na chaki mkononi ni mume wa Moraa, binti yangu.

Mkwe wangu. Omoko. Jina lake siliandiki hapa, wala sijawahi kulitamka. Aliyekamilisha mahari juzi tu, mwezi wa nane, nami nikiwa jikoni na akina mama wenzangu, naye sebuleni na wazee, kila mmoja akijua mwenzake alipo ili asikanyage huko.

Aliniona. Chaki ikaanguka. Hakuiokota. Akageukia ubao akausoma, na ubao ulikuwa mtupu.

Nikachukua mkoba nikatoka kwa mlango wa nyuma, ule wa kwaya. Nimeacha mwavuli. Nimetembea hadi shuleni nikinyeshewa na sikusikia baridi.

Ijumaa, 19 Septemba

Sijala vizuri. Nimewafokea wasichana kwa sababu ya ndoo.

Sisi tunaita chinsoni. Ni heshima, lakini ni heshima yenye meno. Mama mkwe na mkwe wa kiume hawapeani mikono. Hawali meza moja. Hawatazamani machoni. Hawagombezani, hata kwa utani. Wakiwa na neno, linapitia kwa mtu wa tatu. Sasa niambie, mkwe atasimama vipi juu ya kichwa changu aniulize wingi wa "child" ni nini? Nikikosea anigombeze? Nikipatia anisifu, kama mtoto?

Wapo waliookoka wanaosema hayo yalipitwa. Wanapeana mikono na wakwe zao mlangoni mwa kanisa. Mimi pia nimeokoka, lakini mkono wangu haujaokoka kiasi hicho.

Na Moraa ana mimba. Ya kwanza. Nyanya yangu alisema ukivunja chinsoni, haikugongi wewe. Inagonga nyumba ya watoto. Najua ni maneno ya kale. Nayajua pia maneno ya kale yanavyongoja.

Kwa hiyo upande huu majani chai mlangoni. Upande ule tumbo la mwanangu. Naogopa pande zote mbili.

Jumanne, 23 Septemba

Darasa lingine la gumbaru halipo karibu. Nimeuliza. Mwalimu wa Kiingereza wa shule yetu nitamwomba vipi? Chumba cha walimu chote kingejua kufikia saa ya chai.

Leo nimefanya kituko. Nilikwenda Keumbu nikakaa nje ya ukumbi, chini ya dirisha, juu ya kreti ya soda, daftari mapajani. Nikasikiliza. Anafundisha vizuri, kusema kweli. Sauti imetulia. Alikuwa anaeleza koma, mahali msomaji anapovuta pumzi.

Halafu mvua ya mawe. Si ya kawaida, ile ya Kisii inayopiga mabati mpaka usisikie jina lako. Mawe yakanipiga kichwani, daftari likalowa, wino ukaondoka na koma zote. Nikasimama nimejibana ukutani, nimefunika kichwa na mkoba, mwanamke mzima, matroni. Dirisha likafunguka. Mkono ukatoa mwavuli wangu niliouacha Alhamisi. Mkono tu. Kisha dirisha likafungwa.

Sikujua nicheke au nilie. Nililia.

Alhamisi, 25 Septemba

Rukia amekasirika na mimi. Aliniweka kwenye kigoda kibandani mwake, katikati ya vitenge, akanisomea. "Mama Moraa, utafukuzwa kazi kwa sababu ya haya? Mficha uchi hazai."

Nikamwambia aangalie methali zake. Usilete habari za uchi kwenye mambo ya mama mkwe. Akacheka mpaka mteja akaondoka.

Lakini amezaliwa Kisii, anajua. Hakuniambia niache chinsoni. Amesema kama neno linapita kwa mtu wa tatu, basi yeye ni mtu wa tatu, na hatoi risiti. Akaenda kuzungumza na omoko mwenyewe kabla ya darasa. Akarudi na mpango.

Nimekaa nyuma kabisa, nyuma ya nguzo. Yeye simwoni, naona mkono na ubao. Haniulizi swali. Nikiwa na swali namnong'oneza Rukia, Rukia anauliza kama lake. Daftari langu linakwenda kwa Rukia, kutoka kwa Rukia linakwenda mezani, na njia hiyo hiyo linarudi.

Darasa linatutazama. Wazee wawili wa Keumbu waliokaa mbele wameelewa bila kuambiwa. Mmoja amesogeza kiti chake pale pengo lilipobaki kati ya nguzo na ukuta. Mungu ambariki.

Nilikaa mpaka mwisho.

Jumanne, 30 Septemba

Tiki!

Nimefungua daftari nikadhani si langu. Tiki sentensi ya kwanza. Tiki ya pili. Tiki mpaka chini, na chini ameandika kwamba kazi ni nzuri sana. Hakuna mduara hata mmoja. Kwa Mwalimu Kemunto sikuwahi kumaliza mistari miwili salama.

Labda ni uoga uliokuwa ukinizuia. Labda nyuma ya nguzo akili inafunguka. Nimetembea kurudi shuleni kama mtu mwenye viatu vipya.

Alhamisi, 2 Oktoba

Tiki tena. Barua fupi ya kumweleza mzazi kwamba mtoto ana homa. Yote sawa.

Leo asubuhi nimejaribu kuandika ripoti ya bweni kwa Kiingereza, nikaiweka kwenye meza ya Madam bila kungoja tarehe. Maringo hayo. Hajasema neno. Nadhani amefurahi.

Nimelala mchana kidogo. Mara ya kwanza tangu siku ile ya ofisini.

Jumamosi, 4 Oktoba

Sijui nianzie wapi.

Nilikwenda kwa Rukia baada ya kununua mboga za managu. Kibanda hakikuwa na wateja. Tukasema tupitie kazi ya Alhamisi. Ile barua tuliiandika pamoja, kichwa kwa kichwa, kwenye benchi. Sentensi zile zile. Yeye alinakili zangu, au mimi zake, hatukumbuki.

Daftari lake lilikuwa na eksi karibu kila mstari. Maneno yamepigwa mstari, mengine yameandikwa upya juu yake, mishale, maelezo pembeni. Langu, maneno yale yale, tiki.

Rukia aliyaweka madaftari sambamba, akafuata mistari kwa kidole. Kisha akasema polepole, "Shoga, huyu mtoto anakuogopa."

Nikacheka kwanza. Halafu baridi ikanipanda kutoka miguuni. Hawezi kunipiga eksi. Bila shaka hawezi! Mkwe gani atachukua kalamu nyekundu ampige mama mkwe eksi? Ni kama kumfokea mbele za watu. Mimi ningekuwa yeye ningefanya hivyo hivyo. Amenistahi. Amenistahi mpaka kwenye shimo.

Nikakumbuka ripoti niliyompelekea Madam. Ee Nyasae, Mungu wangu. Niliweka makosa hayo yote mezani kwake kwa mkono wangu, na kichwa nimeinua.

Siku zilizobaki zinahesabika, na sijui ninalojua.

Jumapili, 5 Oktoba

Sikwenda kanisani. Nimekwenda Nyakoe kwa Moraa, saa ambazo najua mumewe yuko kwenye kwaya.

Nilikuwa nimejipanga kumgombeza. Nilianza. Moraa akanikatiza, na si kawaida yake.

"Mama, ulitaka afanye nini? Akupige eksi wewe? Halafu alale wapi?"

Akaniambia jinsi inavyokuwa. Mumewe akileta madaftari nyumbani, langu analiweka chini kabisa. Anasahihisha yote. Likifika langu anatoka nje, anarudi, anakunywa maji. Analisoma na kalamu imefungwa. Mwisho anapiga tiki haraka haraka kama mtu anayeua mchwa, analifunga, na chakula hakigusi. Amekonda. Moraa anadhani ni mambo ya mtoto anayekuja.

Sikuwa nimefikiria kwamba na yeye anaogopa. Nilidhani uoga ni wangu peke yangu, nimeununua, nina haki nao.

Moraa alishika tumbo akasema mtoto anacheza. Niliweka mkono. Anacheza kweli. Nikatoka kabla kwaya haijaisha.

Jumatatu, 6 Oktoba

Madam amenirudishia ile ripoti ya Alhamisi. Hakuandika kitu juu yake. Amesema tu, "Tutaonana tarehe kumi na tano."

Nimeificha ripoti chini ya godoro.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimewaza siku nzima nikihesabu mashuka.

Siwezi kumwambia anikosoe. Hata kupitia kwa Rukia. Nikimwambia, nimemwamuru avunje. Akikubali, tumevunja wote wawili. Akikataa, amekataa neno la mama mkwe, hilo nalo ni baya. Hakuna mlango hapo.

Lakini mwizi hapigwi kama hajulikani. Asipojua ni la nani, hajamkosoa mtu.

Nikamwambia Rukia. Rukia akasimama katikati ya darasa, akaanza kulalamika kwa sauti ile ya kuuza leso. Kwamba sisi ni watu wazima, tunaoneana haya, watu wanachungulia alama za wenzao. Kuanzia leo tuandike kwenye karatasi moja moja, bila jina. Tuziweke mezani zikiwa zimechanganywa. Kila mtu atachukua yake mwenyewe akiijua.

Yule mzee aliyesogeza kiti akasema, "Hata mimi nimechoka kuchunguliwa." Muongo. Hakuna anayemchungulia. Wengine wakaitikia.

Kutoka nyuma ya nguzo nikaona ule mkono umetulia juu ya meza. Kisha akasema sawa. Alisema haraka sana.

Nimekunja pembe ya karatasi yangu, juu kushoto, ili niijue. Mwandiko wangu nimejaribu kuulaza upande mwingine. Umelala kama mlevi.

Alhamisi, 9 Oktoba

Karatasi zimerudi. Nikatafuta pembe iliyokunjwa.

Nyekundu. Nyekundu yote, kama ubao wa muuza nyama. Eksi. Mishale. Sentensi moja imefutwa kabisa na kuandikwa upya chini, kwa herufi nzuri, polepole, kama mtu anayetengeneza kitu. Nimeweka "he" mahali pa "she" tena. Nimesahau nukta. Nimeandika "knife" bila ile k inayokaa kimya kama mgeni asiyejua kazi yake. Nimeweka herufi kubwa mahali ninapopenda mimi.

Nikafunika uso na karatasi. Rukia alidhani nalia kwa aibu. Ni aibu, ndiyo. Lakini pia ni kwamba mtu hatimaye amewasha taa, nikaona chumba kilivyo kichafu. Kinatisha. Angalau sasa naona pa kufagia.

Naogopa bado kuhusu Moraa. Nimempigia simu jioni kuuliza kama yuko salama. Akaniuliza, salama na nini? Nikasema, na mvua.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimeandika sentensi za Kiingereza siku nzima. Kila kosa alilopiga mstari nimeliandika upya mpaka mkono ukafa ganzi. Wasichana wananiona na daftari, wananong'ona. Mmoja wa Kidato cha Kwanza aliniuliza kama nafanya mtihani wa taifa. Nikamwambia aende akaoshe soksi.

Majani chai nimeyaona ndotoni. Yameingia ndani, yamefika kitandani.

Jumanne, 14 Oktoba

Darasa la mwisho kabla ya kesho. Karatasi yenye pembe iliyokunjwa imerudi. Nyekundu bado ipo, lakini kati ya eksi na eksi kuna nafasi. Kuna mistari mitatu imefuatana bila kuguswa. Nimeitazama mistari hiyo kama watoto waliolala.

Mwisho wa kipindi aliliambia darasa zima, akiutazama ubao: mtu akiogopa asitafute maneno makubwa. Aandike alichokiona. Afunge sentensi. Aanze nyingine.

Hakuna mwingine mwenye mtihani kesho. Mzee wa kiti aliinamisha kichwa kama ameambiwa yeye.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimefanya.

Madam alinipa karatasi na kalamu, akaketi mbele yangu na chai yake. Amesema niandike yaliyotokea Jumatatu kwenye paredi, binti wa Kidato cha Pili alipozirai. Basi. Akaanza kunywa chai.

Nilikandamiza kalamu hadi ikatoboa karatasi. Neno la kwanza halikuja. La pili halikuja. Nikayaona majani yale mlangoni.

Halafu nikamwona yule binti. Si Kiingereza, binti mwenyewe. Alivyoshika mkono wa mwenzake. Alivyoanguka upande. Mimi nikimfungua kola. Nikaandika alianguka. Nukta. Nilimbeba. Nukta. Alikuwa hajala jana yake. Nukta. Kila nilipomwandika nilisimama nikajiuliza: huyu ni msichana? Ni msichana. Haya, "she".

Ilitoka fupi. Nusu ukurasa. Madam akaichukua akaiweka kwenye droo bila kuisoma, akanishukuru. Droo hiyo niliisikia ikifungwa mpaka nikafika bwenini.

Ijumaa, 17 Oktoba

Hajasema kitu.

Leo alipita bwenini. Akaangalia vitanda. Akaangalia mabomba. Akaniangalia mimi. Akaenda.

Nimeanza kuweka vyombo vyangu kwenye katoni, kisha nikavitoa. Kuviweka ni kama kumwita shetani.

Jana sikwenda darasani. Rukia amesema mwalimu alikusanya karatasi, akazipekua, akazipekua tena, akauliza kama zote zimefika.

Jumanne, 21 Oktoba

Jana ilikuwa sikukuu, ofisi imefungwa. Siku ndefu kuliko zote nilizowahi kuishi, na nimezaa nikiwa peke yangu.

Leo ameniita. Karatasi yangu ilikuwa mezani, na kalamu nyekundu kando yake. Kuna eksi. Niliziona kutoka mlangoni.

Madam akasema niketi. Akasema, "Mama Moraa, makosa yapo. Lakini nimesoma mara moja nikaelewa kila kitu, na mzazi wa mtoto angeelewa pia. Endelea na darasa. Utabaki."

Nilitaka kusema asante kwa Kiingereza. Ilitoka kwa Ekegusii. Akacheka, mara ya kwanza namwona akicheka. Kumbe yeye pia ni wa huku huku, Nyamira.

Nimetoka nikakaa kwenye ngazi za bweni. Nilikuwa bado naogopa. Uoga ukikaa sana haujui njia ya kutoka.

Alhamisi, 23 Oktoba

Nimemwambia Rukia kwanza. Alipiga vigelegele mpaka muuza viazi akauliza nani anaolewa. Darasani akalitangaza kama habari ya rafiki yake fulani, mahali fulani, aliyebaki kazini.

Ule mkono ulikuwa unaandika ubaoni. Ulisimama. Kisha ukaendelea, na herufi zikatoka zimepinda.

Jumapili, 26 Oktoba

Moraa na mumewe wamekuja kunitembelea. Nyumba yangu ni chumba kimoja, nimekigawa kwa pazia. Mkwe alikaa upande wa mlango na uji wake. Mimi upande wa jiko. Moraa katikati, kwenye kigoda, anakwenda huku na huku na tumbo lake. Tumbo limekuwa kubwa. Daktari amesema kila kitu kiko sawa. Nilimwuliza Moraa mara mbili.

Moraa alinifuata jikoni kuchukua chumvi. Akaniambia kwa sauti ya chini, akitabasamu, kwamba siku hizi mumewe akileta karatasi nyumbani anaanza na ile yenye pembe iliyokunjwa. Anaimaliza yote, mstari kwa mstari. Kisha anaosha mikono anakula, na anaongeza.

Nikageukia sufuria. Koroga, koroga. Alijua, kumbe. Tangu siku ya kwanza. Na mwandiko wangu wote ule wa kilevi!

Baadaye nilichukua ripoti ya leo, nikamwambia Moraa nataka kumsomea. Nikasimama karibu na pazia. Nikasoma kwa sauti, Kiingereza, taratibu, nikivuta pumzi kwenye koma. Mabomba. Vitanda. Msichana mmoja, jino. Upande wa pili kijiko kilikuwa kimeacha kugonga bakuli.

Nikamaliza. Nikasikia akijikohoza.

"Moraa," akasema, kwa sauti ya kunifikia. "Sentensi ya pili ina kosa."

Moraa akanitazama. Mimi nikalitazama pazia. Nilingoja ile baridi inipande kutoka miguuni. Haikuja.

Nikairudia sentensi ya pili, nimeitengeneza. Kijiko kikaanza tena kugonga bakuli. Nikammiminia uji mwingine, Moraa akampelekea.